Wasomaji Wanauliza: Mashine ya Kufulia Isiyo na Mota

Toleo lililopita tulichapisha mchoro wa mashine ya kufulia ya mbao ya karne ya 19: pipa, kifuniko chenye bawaba, na mpini juu yake. Barua za kuuliza zimekuwa nyingi. Tunajibu tano, na ile ya seremala wa Tanga tumeipa nafasi kubwa kwa sababu yeye anataka kuiunda.

Mchoro wenu unaonyesha pipa na mpini tu. Humo ndani mna nini hasa? – Msomaji, Morogoro

Mna kitu kama kigoda cha miguu minne, miguu ikitazama chini. Ni kisahani kinene cha mbao chenye vigingi vinne, nacho kinaning'inia kwenye mhimili uliopita katikati ya kifuniko. Ukifunga kifuniko, vigingi vinaingia katikati ya nguo. Ukisukuma mpini, gia zilizo juu zinageuza mhimili nusu mzunguko kwenda, kisha nusu mzunguko kurudi. Nguo husogezwa ndani ya maji ya sabuni, na sakafu ya pipa huwa na matuta ya kuzisugua kwa chini.

Jambo ambalo mchoro hauonyeshi, nalo ndilo lenye akili kuliko yote, ni kwamba mhimili haukukazwa kwenye gia. Sehemu yake ya juu ni ya mraba na inateleza kwenye tundu la mraba, hivyo kisahani hupanda nguo zikiwa nyingi na kushuka zikiwa chache. Kinazilalia kwa uzito wake tu. Mhimili ukikazwa, nguo nyingi zitabanwa sakafuni na kuchanika, na nguo chache zitaelea bila kuguswa.

Kwa nini mhimili uende na kurudi? Si nyepesi zaidi kuzungusha upande mmoja? – Msomaji, Nakuru

Kwa mkono ni nyepesi, ila nguo zitaharibika. Kigingi kinachozunguka upande mmoja hukusanya mikono ya mashati na kamba za suruali na kuzisokota kuwa kamba moja nene. Ikishasokotwa, maji hayapiti tena katikati yake. Ya nje inasafishika, ya ndani inatoka na uchafu wake. Mwishoni ama mhimili unakwama, ama mshono unaachia. Kurudi nyuma kunafungua kile ambacho kwenda kulianza kukisokota. Kinachosafisha nguo ni maji ya sabuni kupenya kitambaa mara nyingi, na mkono wenye nguvu hauwezi kuchukua nafasi hiyo.

Mashine za kuzungusha upande mmoja zipo, lakini hizo ni za pipa linalolala na kuzunguka lenyewe pamoja na nguo. Henry Sidgier wa Uingereza alipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya muundo huo mwaka 1782: tenga la fito za mbao ndani ya chombo cha maji, likizungushwa kwa mpini. Nguo hubebwa juu na kuangukia maji. Shida yake ni mwendo. Pipa la kipenyo cha sentimeta 50 likifika mizunguko 60 hivi kwa dakika, nguo hugandamana ukutani na haziangukii tena, nawe unazungusha bure. Mizunguko 35 hadi 45 inatosha.

Mimi ni seremala. Nina pipa la plastiki la lita 60 lenye mdomo mpana, na fundi wa kuchomelea yuko jirani. Nipeni vipimo. – Msomaji, Tanga

Ndugu fundi, pipa la namna hiyo kwa kawaida lina kipenyo cha sentimeta 38 hivi. Kata kisahani cha kipenyo cha sentimeta 24, unene sentimeta 3, ili ibaki nafasi ya sentimeta 7 kila upande. Ikiwa finyu zaidi, nguo zinabanwa kati ya kisahani na ukuta. Toboa matundu manne, kila moja sentimeta 8 kutoka katikati. Vigingi viwe na urefu wa sentimeta 12 na unene wa sentimeta 3, ncha zake zichongwe ziwe duara kisha zipigwe msasa hadi khanga nyepesi ipite bila kukwaruzika. Tumia mbao ngumu isiyotoa rangi. Jaribu kipande kwanza: kiloweke usiku kucha pamoja na kitambaa cheupe. Mvule na mninga tusingezitumia hapa. Usitie misumari. Vigingi vikazwe kwa kabari ya mbao kutoka juu. Mbao ikilowa inavimba na kujikaza zaidi.

Mhimili uwe bomba la mraba la milimita 20. Liteleze ndani ya kipande cha bomba la milimita 25 lenye unene wa milimita 2, kwa hiyo ndani inabaki milimita 21. Acha nafasi ya kupanda na kushuka ya sentimeta 15. Hicho kipande cha nje ndicho kinachozungushwa.

Kwa gia, baiskeli kuukuu inatosha: gia kubwa ya meno 48 ichomelewe kwenye mpini wa sentimeta 45, gia ndogo ya meno 16 ichomelewe kwenye bomba la nje, halafu mnyororo uziunganishe. Uwiano ni tatu kwa moja, yaani ukisogeza mpini nyuzi 60 mhimili unageuka nyuzi 180. Hapa ndipo wengi hukosea: gia ndogo ya nyuma ya baiskeli ina friwili, na friwili huachia upande mmoja. Usipoichomelea ishikane, mashine itafua kwenda na kurudi mtupu. Kama gia ni usumbufu, weka mpini wa msalaba moja kwa moja juu ya mhimili na ugeuze kwa mikono miwili. Inachosha, ila inafua vilevile, na hapo mhimili wa duara unafaa.

Kifuniko cha plastiki peke yake kitayumba. Bana ubao wa sentimeta 3 juu yake, na gia zote zikae kwenye huo ubao. Chini ya bushi, yaani tundu la ubao ambamo bomba la nje linazungukia, funga kisahani kidogo cha bati cha kukinga matone, maana grisi nyeusi ya mnyororo ikidondokea shuka jeupe haitoki kwa sabuni ya kawaida.

Matumizi: maji lita 30, nguo kavu kilo 2, sabuni ya mche iliyokwanguliwa na kuyeyushwa pembeni kwanza. Vipande vya sabuni visivyoyeyuka hujificha kwenye mikunjo na kuacha mabaka. Loweka nusu saa, kisha sukuma dakika 8 hadi 10, mwendo wa kwenda na kurudi kama mara 40 kwa dakika. Shuka na vitenge uviweke kwa kuvilaza huku na huku. Ukivitumbukiza vikiwa vimenyooka, vinazunguka mhimili. Kamba za suruali zifungwe fundo. Anza na nyeupe, fuata za rangi, malizia na za kazi katika maji yaleyale. Toa maji kwa koki iliyowekwa chini kabisa, si kwa kuinamisha pipa.

Je, ni kweli mashine hii ilibuniwa na Mmarekani kama zawadi kwa mkewe? – Msomaji, Mombasa

Husimuliwa hivyo kuhusu William Blackstone wa Bluffton, Indiana, mwaka 1874, na mashine ya vigingi ilipata umaarufu kupitia kwake. Wa kwanza hakuwa yeye. Jacob Christian Schäffer wa Regensburg, Ujerumani, alichapisha muundo wake katika miaka ya 1760. Sidgier tumeshamtaja. Huko Marekani kwenyewe James King alipata hataza ya pipa la kuzungusha mwaka 1851, na Hamilton Smith mwaka 1858.

Nimenunua mashine ya rola mbili za kukamulia, imetumika. Inavunja vifungo, na rola moja imeingia bonde. – Msomaji, Zanzibar

Bonde linatokana na kuacha skrubu ya juu imekazwa baada ya kazi. Mpira ukibanwa mahali pamoja usiku mzima unabonyea na hauinuki, na shati likipita pale linabaki na mstari wa maji. Bonde likiwa dogo, fundi wa mashine ya kukerezea anaweza kulisawazisha. Likiwa kubwa, badilisha mpira. Kuanzia hapo legeza skrubu kila ukimaliza, na usiiweke mashine juani.

Kuhusu vifungo, funga shati, likunje vifungo vikae ndani kati ya tabaka mbili za kitambaa, kisha liingize likiwa bapa, ukosi mbele. Zipu zifungwe na kuingizwa kwa urefu, si kwa upana. Usikunje nguo nene mara nne ukaza skrubu kulazimisha. Pitisha mara mbili kwa mkazo mdogo, maji yatatoka mengi zaidi. Watoto wakae mbali na upande wa kuingizia, na mwenye nywele ndefu au mtandio aufunge nyuma. Kabla ya kuitumia tena, hakikisha unaweza kulegeza rola ya juu kwa mkono mmoja. Kama huwezi, skrubu ina kutu: itie mafuta ya mashine, iache saa chache, ndipo uifungue.