Washington ni mtu au mji?

SWALI: Mhariri tusaidie, hapa kijiweni watu wanataka kushikana mashati, Washington ni jina la mji au la yule rais, nani kampa mwenzie?

JIBU: Mji mkuu wa Marekani ulipewa jina la George Washington 1791, mwenyewe akiwa bado madarakani, na lile jimbo la Washington, la kina Seattle, nalo jina ni lake (msichanganye, liko upande wa pili kabisa wa nchi). Ila utamu uko hapa, ukoo wake ulichukua jina kutoka mahali paitwapo Washington, kaskazini mashariki mwa Uingereza, babu yao mmoja alikuwa anaitwa William de Hertburn, karne ya 12 akahamia pale akajiita jina la mahali, kwa hiyo mahali ndo palianza.