Jibu: Mvinyo mweupe wa zamani uliogeuka rangi

Ndugu yangu, umeuliza kama chupa zako za Riesling, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ambazo mnakusudia kuzionja jioni na marafiki hapo Raskazone, Tanga, zimeharibika kwa kuwa zimegeuka rangi ya dhahabu. Rangi hiyo peke yake si dalili ya kuharibika, kwa sababu mvinyo mweupe hukolea rangi kadiri unavyokaa, ilhali mwekundu hupauka. Riesling nzuri ya Mosel, huko Ujerumani, huweza kudumu miongo kadhaa kwa nguvu ya uchachu wake, na ikizeeka hutoa harufu ya asali na hata ya mafuta ya taa, harufu ambayo mimi naipenda sana na wageni wako wasiiogope. Kinachotia shaka ni rangi ya kahawia ikiambatana na harufu ya siki.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni joto la Tanga, kwani chupa iliyokaa miaka kabatini bila ubaridi huzeeka upesi mno. Tafadhali ulizia zilihifadhiwa wapi. Zitoeni kwenye friji mapema kidogo, zinywewe zikiwa na nyuzijoto 11 hadi 13, maana baridi kali huficha harufu. Kamba wa kuchoma watafaa sana, ila pilipili ipunguzwe.