Msichonge bloku ya 454 kabla ya kuipima unene wa kuta

Usiipeleke hiyo bloku ya injini kuchongwa wiki hii. Umeuliza kamshafti ipi (shafti inayofungua vali), kabureta ipi na gia gani za difu zitaifaa pikapu yako ya mashindano ya kuvuta sleji, yaani kigari cha uzito kinachoburutwa udongoni, katika darasa linaloruhusu bloku na silinda hedi za chuma cha kusubu pekee, kwa ujazo wa injini usiozidi inchi za ujazo 470. Kisha katikati ya maelezo ukadokeza, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba fundi atatanua silinda za injini ya Chevrolet 454 uliyoing'oa kwenye lori kuukuu kwa inchi 0.060 zaidi ya kipenyo cha kiwandani, kwa kuwa eti chuma cha zamani ni kinene. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi hapa Ohio, nikayaamini, na bili yake bado naikumbuka kuliko tarehe ya harusi yangu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayotia watu tamaa. Bloku ya 454 hutoka kiwandani na kipenyo cha silinda cha inchi 4.250, na pistoni husafiri inchi 4. Ukitanua kwa 0.030 unapata ujazo wa takriban 460, ukifika 0.060 unapata 467, na namba hiyo inakaa chini ya kikomo chako kwa namna ya kupendeza sana. Lakini tofauti ya 460 na 467 ni asilimia moja na nusu tu. Kwa faida hiyo, ambayo tairi zisizokamata udongo vizuri zitaimeza yote katika mita chache za kwanza, unakubali kupunguza ukuta ambao unene wake hujawahi kuuona.

Hapo ndipo penye tatizo. Bloku hizi zilisubiwa kwa kalibu zenye viini vya mchanga vilivyoacha nafasi ya njia za maji, na viini hivyo vilikuwa vikisogea kidogo wakati chuma kinamiminwa. Mashine ya kiwandani ilitoboa silinda mahali pake sahihi, ila upande wa maji ukuta ukabaki mnene sehemu moja na mwembamba sehemu nyingine, na bloku mbili za namba moja ya kalibu zinaweza kutofautiana kabisa. Ongeza miaka ya kutu katika lori ambalo mwenyewe alikuwa akijaza rejeta maji ya bomba, na utaelewa kwa nini neno "nene" si kipimo. Wale tuliokulia kwenye gereji za Scania tunapotoshwa na mazoea, kwa kuwa kule laina, yaani bomba la silinda lililochomekwa ndani ya bloku, ikiisha huchomolewa na kuwekwa nyingine, ilhali katika 454 silinda ni bloku yenyewe.

Fundi wangu, ambaye sitamtaja kwa sababu mke wangu amenikataza, aliigonga bloku kwa nyundo, akainamisha sikio kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akatamka kwamba iko salama. Nilipomuuliza kuhusu kupima unene wa kuta kwa mawimbi ya sauti alicheka, akasema kipimo hicho ni cha watu wenye pesa za kuchezea, na kwamba saruji maalumu tutakayojaza chini ya njia za maji itaimarisha kila kitu. Saruji hiyo ni jambo jema kwa injini inayofanya kazi kwa sekunde chache tu, mradi ijazwe kabla ya kuchonga. Lakini ikiishia chini ya matundu ya pampu ya maji haifiki sehemu ya juu ya silinda, ambako mgandamizo ni mkali kuliko kwingine. Mtu mwenye mashine za gharama ile hakukosa kulijua hilo. Alichokosa ni subira ya kukaa na kifaa cha kupimia kwa saa moja.

Sleji haina huruma ya mbio za kasi za njia iliyonyooka. Sanduku la uzito husogea mbele kadiri unavyovuta, mzigo unaongezeka hadi mwisho wa futi 300, na wewe umekanyaga mafuta hadi sakafuni muda wote. Pistoni husukumwa kwa nguvu zaidi dhidi ya upande mmoja wa silinda, ambao katika injini hii ni upande wa kulia wa gari (wa abiria huku Marekani) kwa safu zote mbili za silinda. Ukuta wangu ulikuwa mwembamba hapo hapo. Ulipasuka kwa urefu, maji yakaingia juu ya pistoni, na kwa kuwa maji hayagandamiziki, konrodi ikapinda, ikakatika, ikatoka nje kupitia ubavu wa bloku. Pistoni mpya za alumini iliyofuliwa, krenki iliyosawazishwa, vyote vikawa vyuma chakavu. Watazamaji walishangilia wakidhani moshi ule ni sehemu ya onyesho, nami nikapunga mkono, ningefanya nini?

Kwa hiyo usinunue hata ringi moja kabla kuta hazijapimwa kwa mawimbi ya sauti, silinda zote nane, pande nne, kwa vina kadhaa, na namba ziandikwe kwenye karatasi utakayoondoka nayo. Upande wa msukumo wajenzi wengi hutaka ibaki karibu inchi 0.200 baada ya kuchonga. Ikiwa haifiki, simama kwenye 0.030, au tafuta bloku nyingine na uipime hiyo pia kabla ya kulipa. Soma kanuni za darasa lako mara ya pili: ikiwa zinasema chuma cha kusubu bila kudai bloku ya kiwanda cha gari, kampuni ya Dart hutengeneza bloku ya chuma hicho yenye kuta nene zaidi, na huenda ikakugharimu pungufu ya kujenga injini mara mbili.

Kuhusu kamshafti, yeyote atakayekusagia atauliza kwanza ujazo halisi, na huo huwezi kumtajia hadi karatasi ya vipimo iwe mkononi. Fundi wako akikataa kupima, pakia bloku yako urudi nayo nyumbani.