Mkuu, usisimame orodha ikisomwa mara ya pili

Wewe Mwadventista Msabato mwenzangu uliyeandika kwamba Sabato ijayo orodha ya viongozi wapya wa kanisa lenu ikisomwa mara ya pili utasimama "umwage ukweli" kuhusu mhazini, kaa chini. Salamu baadaye.

Leo hii mtafute mchungaji au mwenyekiti wa kamati ya uchaguzi, ile inayopendekeza majina, umwambie unaomba kuonana na kamati. Utaitwa, utasema lako, utatoka, nao watabaki wakijadili. Kanuni ya Kanisa, kitabu cha taratibu zetu, iko wazi: mwenye pingamizi na jina anakwenda kamatini. Ile nafasi kati ya kusomwa mara ya kwanza na kupigwa kura imeachwa kwa kazi hiyo, si ya kukariri hotuba.

Mimi nilikariri. Mbele ya kioo, na tai juu. Aliyenitia ndimu ni bwana mmoja wa kwaya yetu, mtaalamu wa kila kitu kasoro kuimba. "Sisi Waadventista Wasabato hatuna papa, kanisa ni la washiriki, simama useme, nani atakunyamazisha?" Nusu ya kwanza ni kweli tupu, ndiyo maana nikaimeza na ya pili.

Hoja yangu ilikuwa kwamba kitabu kimoja cha stakabadhi hakionekani. Nikaisema kwenye maiki, na jina la mhazini wetu nikalitaja. Mama wa watu alikuwa benchi la mbele na bahasha za zaka mapajani. Hakunijibu. Alizipanga zile bahasha, akazifunga kwa mpira, akamkabidhi shemasi mkuu, akatoka. Bwana wa kwaya wakati huo anapekua kitabu cha nyimbo kana kwamba hanijui. Mungu anamwona.

Kitabu kilikuwa kwa mkaguzi wa konferensi, ofisi inayosimamia makanisa ya eneo letu. Kilichukuliwa kwa saini, na kamati ilijua tangu mwanzo. Ningeingia kwao ningejibiwa kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, nikarudi zangu nyumbani kula maharage. Badala yake mama alikataa cheo akahamishia ushirika wake kanisa jingine, nasi tukabaki na mhazini wa muda aliyekuwa akihesabu sadaka kwa kalkuleta ya simu na bado tunabishana naye. Nilimfuata yule mama kwake kuomba radhi. Alinipa chai, akanisamehe. Kwetu hakurudi.

Na usiniambie "mimi nina ushahidi". Peleka huo ushahidi kamatini! Wajumbe wamefungwa mdomo, haikubaliki mjumbe kutoka nje akasimulia fulani kasemwa nini. Ukiumwaga hadharani hakuna aliyefungwa mdomo, hata watoto wa shule ya Sabato watakuwa nao kabla ya chakula cha mchana. Ukichelewa kabisa na Sabato ikakukuta, una sentensi moja tu ya kusema: "Naomba taarifa irudi kamatini." Sababu usitaje, jina usitaje, kisha keti. Hoja hiyo haijadiliwi.

Umeuliza pia rais wa kanisa la dunia nzima anapatikanaje. Ni mtindo huo huo, ukumbi tu ndiyo mkubwa. Konferensi Kuu, ndio uongozi wa kanisa duniani, hufanya kikao chake kila baada ya miaka 5. Julai 2025, pale St. Louis, Marekani, wajumbe hawakupewa karatasi yenye wagombea wa kuchagua. Kamati ya uchaguzi ilijifungia, ikaleta jina moja, Erton Köhler wa Brazil, wajumbe wakalipigia kura likapita, akampokea Ted Wilson aliyekuwapo tangu 2010. Huoni mabango wala fulana. Kama wajumbe wa dunia nzima wanaletewa jina moja na mwenye neno anatakiwa alipeleke kamatini, wewe wa kanisa mahalia unataka maiki ya nini?

Mchungaji hamumchagui ninyi, anapangwa na konferensi, kwa hiyo kama una hasira naye usiziunganishe humo.

Mpigie mchungaji sasa, kabla hajaingia ibada ya Jumatano, halafu urudi kwenye uzi utuambie kakupangia saa ngapi.