Mwanangu, yule bwana alikuwa anahesabu hatua

Mwanangu, marahaba.

Meseji yako niliiona juzi usiku, nikaisoma nikazima simu, asubuhi nikaisoma tena. Unauliza, "Baba, eti kweli Mkapa ndo aliyeviua viwanda vya korosho huko kwetu?" na kwamba ofisini mmebishana mpaka chai imepoa, mmoja anasema yule mzee aliuza nchi, mwingine anasema bila yeye tungekuwa bado tunapanga foleni ya sabuni, halafu wote wakakugeukia wewe kwa sababu wewe ndo mtu wa Kusini pale na baba yako alikuwa kiwandani. Na wewe ukakosa la kusema. Hilo ndo limeniuma, sio swali. Mtoto wa fundi anakosa la kusema kuhusu kiwanda! Lakini kosa ni langu, sijawahi kuwakalisha chini nikawasimulia vizuri, nimekuwa nanung'unika tu wakati wa taarifa ya habari.

Naandika kwa kidole kimoja, usinicheke makosa. Kurekodi sauti sitaki maana mama yako atasikia aanze kunikatiza, na wewe unajua yeye kwa Mkapa haambiliki.

Sasa, kabla ya kuuliza nani kaua, uliza kwanza marehemu alikuwa anakula nini. Hili nalisema toka mko wadogo na mlikuwa mnaniigiza nyuma ya mlango mkidhani sisikii: mashine haili upepo. Mashine ya korosho inakula korosho, basi, hamna siri nyingine. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000, wakubwa wakaona sasa kwa nini tupeleke korosho ghafi India wakabangue wao, tujenge viwanda vyetu. Wazo zuri kabisa, mpaka leo nasema zuri. Wakakopa Benki ya Dunia, vikajengwa viwanda, ukivihesabu vyote vilifika 12, vingine mitambo ya Kitaliano, vingine ya Kijapani. Lakini hapohapo, 1974, si ndo Operesheni Vijiji? Babu yako akapakiwa kwenye lori na kuku wake na kitanda cha kamba akaja kushushwa huku barabarani, mikorosho yake ikabaki kule bondeni inamezwa na nyasi. Nani atembee mwendo wa nusu siku kwenda kupalilia mkorosho na bei yenyewe ya kutupa? Halafu ukaja ubwiriunga, ule unga mweupe unaokausha maua, ukamalizia. Msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha hata tani 17,000. Viwanda 12! Gawanya mwenyewe, wewe si ndo mhasibu.

Mimi nimetoka chuo cha ufundi Chang'ombe na ujana wangu nikakuta mtambo mpya unang'aa, na stoo tupu. Unajua tulikuwa tunafanya nini? Kila Jumatatu tunauwasha tupu, nusu saa, usishike kutu. Tunasimama pembeni tumefunga mikono tunausikiliza unavyozunguka. Mshahara unakuja. Na hapo rais alikuwa Mwalimu na baadae Mwinyi, huyo Mkapa wenu alikuwa waziri wa mambo ya nje huko anapanda ndege. Kwahiyo ukisema Mkapa aliua unakuwa umeanzia hadithi katikati.

Na Mwalimu nae hapa nyumbani alikuwa hagusiki. Babu yako aliyebebwa kwenye lori alikuwa na picha ya Mwalimu ukutani mpaka siku anakufa, ile ambayo shangazi yako kaichukua. Nilimuuliza mara moja tu, baba, huyu si ndo kakuhamisha? Akanijibu, "Yeye hakuja na lori." Nikanyamaza. Mpaka leo sijui lile lilikuwa jibu la busara au la mtu aliyechoka.

Haya. Unataka ya Mkapa, nakupa ya siku moja. Wewe ulikuwepo, sema labda umesahau, ulikuwa darasa la nne.

Tulitangaziwa kiwanda kinabinafsishwa na mtu anayetaka kununua anakuja Alhamisi kukikagua. Mwanangu, sisi tulifurahi. Usiamini mtu akikwambia wafanyakazi wote walikuwa wanalia, sisi tulifurahi kama watoto wa Idi, maana tulijua mwenye hela zake atatafuta korosho kwa udi na uvumba, na korosho zilikuwa zimeanza kurudi, watu wanapuliza salfa ya kuua ubwiriunga, mikorosho inazaa tena. Siku tatu sikulala nyumbani. Nilifungua beringi moja moja nikaziosha kwa dizeli, visu vyote vya kubangulia nikavinoa, grisi nilinunua kwa hela yangu, mama yako hajanisamehe mpaka leo. Gunia mbili za korosho nikakopa kwa jirani ili mgeni aone mtambo unakula, sio unazunguka tu. Wale kinamama wa kuchambua korosho kwa madaraja, waliokuwa majumbani miaka mingi, wakaja wamevaa aproni zao nyeupe za zamani, zimetiwa bluu, zimepigwa pasi. Hakuna aliyewaita. Walisikia tu.

Akaja na gari mbili. Shati jeupe, viatu laini visivyotoa sauti, na kijana wake na daftari. Nikawasha. We! Mtambo uliitika kama haujawahi kulala, visu vinafunga na kufungua, maganda kule, korosho huku, nyeupe, nzima nzima, nyingine zimepasuka lakini nyingi nzima, na kinamama mikono inacheza mezani utadhani waliondoka jana. Nikageuka nimtazame uso.

Alikuwa kanipa mgongo. Anatembea kutoka ukuta huu kwenda ule, mdomo unachezacheza. Nikadhani anasali. Kumbe anahesabu hatua! Akifika ukutani anamwambia kijana namba, kijana anaandika, anageuka anahesabu upande mwingine. Kijana akaniashiria kwa mkono nizime, wasikilizane. Nikazima. Yule bwana ndo akanisogelea, nikajipangusa mkono nikajua sasa ananiuliza uwezo wa mtambo, tani ngapi kwa siku, nilikuwa nimekariri majibu yote. Akaniuliza swali moja.

"Paa linavuja?"

Nikamwambia halivuji.

Na wewe ukaingia na sufuria umeifunga kwenye kitenge, ugali wa muhogo na kisamvu, ukaniuliza kwa sauti mbele ya watu, "Baba, wameupenda mtambo?" Sikumbuki nilikujibu nini. Nakumbuka kinamama walizigawana zile korosho kwenye aproni wakaondoka bila kuongea, na lile deni la gunia mbili nililipa miezi minne.

Kilichofuata unakijua, pamekuwa ghala. Korosho ghafi zinalazwa mle zikisubiri meli Mtwara ziende India, kwenye nyumba iliyojengwa ili zisiende India. Mtambo ulikatwa kwa gesi ukauzwa vyuma chakavu kwa kilo. Mafao tulilipwa nusu, nusu nyingine mzee wako anaisubiri mpaka sasa hivi, na sitaki kulisema sana hilo maana watu watasema nina kinyongo cha hela.

Kwahiyo na mimi niseme Mkapa hakuja na viatu laini? Unaona sasa babu yako alivyonitega.

Wacha nijibishane mwenyewe, nimezoea. Huyu mzee kaingia 1995 kakuta nchi ina madeni mpaka shingoni, mashirika ya umma yanalipa watu kama mimi kusikiliza mashine tupu. Mshahara wangu ule ulitoka wapi? Kuna mkulima mahali alikatwa. Na kuuza hakuanza yeye, tume ya kubinafsisha iliundwa wakati wa Mwinyi, kiwanda cha bia Dar kiliuzwa 1993 na kikapona, watu wanakunywa. Halafu Benki ya Dunia ileile iliyotukopesha kujenga ndo ikawa mstari wa mbele kutwambia uzeni, serikali isifanye biashara. Ungefanyaje wewe? Na hata mtambo wenyewe tuseme ukweli, wale wahindi wa Kollam, kule India, wanabangua kwa mkono, korosho inatoka nzima, na nzima ndo yenye bei, ile mitambo yetu ilikuwa inavunja sana. Mimi fundi nasema hivyo na roho inaniuma.

Lakini! Unauza kiwanda kwa mtu anayehesabu hatua halafu hurudi kuangalia? Masharti yaliandikwa, abangue, aajiri, wa kufuatilia ndo hakuwepo. Na huyu hakuwa rais wa kutoka mbali asiyejua mkorosho, huyu ni mtu wa Lupaso, hapa Masasi, kalelewa na mabibo kama sisi. Ndo maana inauma tofauti. Mgeni akikuibia unapiga kelele, ndugu yako akiuza shamba la ukoo unaanza kujiuliza labda alikuwa na shida.

Hapa mama yako angeingilia kati kwa neno moja: daraja. Na ana haki. Ulikuwa mdogo hukumbuki Ndundu, tulivyolala siku mbili matopeni tunasubiri kivuko, Rufiji imejaa, bibi yako kalazwa kwenye benchi la basi anatakiwa kufika Muhimbili, mama yako anampepea na kipande cha boksi. Masika ikiingia Kusini tulikuwa kama kisiwa. Mkapa akajenga lile daraja, likafunguliwa 2003, leo unapita dakika mbili hata hujaamka usingizini. Mama yako kila tukipita anatikisa kichwa kama anaitikia dua. Sasa mimi nimwambie nini? Nimwambie lakini na malori ya korosho ghafi nayo yanapita humohumo? Nilishamwambia. Tulinuniana mpaka Mbagala.

Kuna kitu watu wa ofisini kwenu hawatakielewa, 2013 Mtwara ilipowaka kwa ajili ya gesi kupelekwa Dar kwa bomba, "gesi haitoki", mkawa mnasema huko Dar watu wa Kusini wabinafsi. Sisi tulikuwa tumeshaona kitu kikiondoka kibichi. Na 2018 Magufuli aliposema jeshi litabeba korosho kwa shilingi 3,300 kilo baada ya wanunuzi kuleta bei za kejeli, nilipoyaona yale malori ya jeshi barabarani nilimkumbuka babu yako na kuku wake. Lori likija huku kwetu huwa halijulikani limekuja kuleta au kuchukua.

Alipofariki Mkapa, Julai 2020, nilikodi bodaboda nikaenda Lupaso siku ya mazishi. Mama yako hakuamini. Wakubwa wote wapo, sikusogea karibu, nilisimama mbali kwenye mikorosho, ndo ilikuwa inatoa maua, yale madogo yenye wekundu, na harufu ya salfa ipo hewani. Pembeni yangu mzee mmoja analia machozi kabisa. Nikamuuliza ulikuwa unamfahamu? Akasema hapana, ila alikuwa wetu. Mimi nilikuwa nimekuja na swali langu moja nimelibeba njia nzima, nilitaka kumuuliza, mzee, ulijua? Ulijua wanapima sakafu? Maana kama alijua ni jambo moja na kama hakujua ni jambo lingine, na la pili huenda ndo baya zaidi, rais asijue… au hapana, la kwanza. Sijui. Nikaona wanafukia, nikapanda boda nikarudi.

Ukinibana sana nitasema kitu nitakachokijutia, ukoo huu una wapiga kura wa kila aina. Kuna neno lipo hapa kwenye ncha ya kidole, nimeliandika mara mbili nimelifuta mara mbili. Wewe waambie tu wenzako kwamba mashine haili upepo. Wakiuliza maana yake waje mimi niwasimulie, wasije mikono mitupu.

Korosho zako kilo tatu nimempa kondakta wa basi la kesho, kamfuate Rangi Tatu saa kumi jioni, usichelewe maana yule kijana anakula mizigo ya watu. Kabangua mama yako kwa mkono, zimetoka nzima karibu zote, anajisifu toka asubuhi.

Baba yako.