Mwanangu, manganisi hulinda ikiwa mahali pake

Kwako mwanangu,

Umeniuliza kama kidonge cha madini ya manganisi cha miligramu 10 kitazikinga seli zako na msongo wa uoksidishaji, yaani uharibifu unaoletwa na aina kali za oksijeni, maana ndivyo chupa ilivyoandikwa. Chupa haikudanganya, ila imeruka sehemu yenye uzito. Kwenye mwili wako, kinga hiyo hutokea manganisi inapokuwa imekaa ndani ya kimeng'enya chake (protini inayoharakisha kazi ya kikemia), tena ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli.

Mitokondria ndizo zinazotumia sehemu kubwa ya oksijeni unayovuta. Elektroni zinapopita kwenye mnyororo wa upumuaji, yaani msururu wa protini unaozalisha nishati humo, chache huchopoka njiani na kudakwa na oksijeni, na hapo huzaliwa supaoksaidi, oksijeni yenye elektroni moja ya ziada. Hii ina chaji hasi, kwa hiyo haipenyi utando kirahisi; lazima imalizwe pale pale ilipotokea. Ikiachwa, huvivamia vimeng'enya vyenye vishada vya chuma na salfa, kama akonitesi inayosaidia kuzalisha nishati, na kuvibomoa hadi chuma kinachomoka.

Kinachoimaliza ni supaoksaidi dismutesi ya manganisi, SOD2. Kwa binadamu ina vipande vinne vinavyofanana, na katika kila kipande atomu moja ya manganisi imeshikwa na asidi amino nne: histidini tatu na aspateti moja. Manganisi ikiwa na chaji +3 hupokea elektroni ya supaoksaidi ya kwanza, ambayo hubaki oksijeni ya kawaida. Sasa manganisi ni +2. Inaikabidhi elektroni hiyo supaoksaidi ya pili, protoni mbili zinaingia, inatoka haidrojeni peroksaidi, na manganisi imerudi +3. Mzunguko huo hujirudia maelfu ya mara kwa sekunde bila madini yenyewe kuliwa. Mwili mzima wa mtu mzima una miligramu 10 hadi 20 tu za manganisi.

Umuhimu wake hauna ubishi: panya wa maabara walioondolewa jeni ya SOD2 hufa wangali wachanga.

Lakini tazama kilichobaki mezani: haidrojeni peroksaidi. Kazi ya SOD2 imeishia hapo. Kuiondoa ni kazi ya vimeng'enya vingine, hasa peroksiredoksini na glutathioni peroksidesi, na hii ya pili inahitaji madini mengine, seleniamu. Peroksaidi ikikutana na chuma huru kabla haijaondolewa, huzaa radikali ya haidroksili, kali kuliko supaoksaidi na peroksaidi, na hakuna kimeng'enya cha kuiwahi. Kuongeza manganisi hakuisaidii hatua hiyo ya pili.

Halafu kuna suala la chuma kukalia kiti kisicho chake. Chuma huweza kuingia mahali pa manganisi ndani ya SOD2, na kikiingia, kimeng'enya hakifanyi kazi tena. Jambo hili limeonekana wazi kwenye hamira ambayo mpangilio wa chuma katika mitokondria zake umevurugika. (Wapo bakteria wanaojikinga kwa manganisi bila kuwa na kimeng'enya hiki kabisa: Lactiplantibacillus plantarum hujilimbikizia manganisi nyingi mno. Wewe si bakteria.)

Sasa kipimo. Marekani wanapendekeza miligramu 2.3 kwa siku kwa mwanamume na 1.8 kwa mwanamke, na ukomo wa juu kwa mtu mzima ni 11, chakula na vidonge kwa pamoja. Nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, karanga na chai kwa kawaida hukufikisha. Kidonge chako cha 10 juu ya mlo huo kinavuka ukomo.

Utumbo hufyonza chini ya asilimia 5 hivi ya manganisi unayokula, na ziada ini huitoa kwa nyongo. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa ini huitoa kwa shida. Mwenye upungufu wa chuma naye hufyonza zaidi, kwa sababu madini haya mawili hupitia mlango mmoja wa utumbo. Manganisi ikilimbikizana ubongoni, huleta kutetemeka, misuli kukakamaa na mwendo mbovu, dalili zinazofanana na za ugonjwa wa Parkinson. Moshi wa kuchomelea vyuma, wenye manganisi ndani yake, ni hatari zaidi, kwani unapitia mapafuni na kukwepa kizuizi cha utumbo.

Hicho cha miligramu 10 kiache. Kama unatumia multivitamini, soma lebo yake, kwani nyingi tayari zina manganisi. Ukitaka kupima kitu, pima feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, na ikionekana iko chini, tibu upungufu huo kwanza.

Mama yako