Maswali na Majibu: Mdundo wa "Rosanna" na siri ya mkono wa kushoto

SWALI: Mimi hupiga dramu kanisani. Kila nikijaribu mdundo wa "Rosanna" wa kundi la Toto, unatoka mzito na unakatikakatika, ilhali kwenye rekodi unateleza. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, mdundo huo uliotoka mwaka 1982 ulipigwa na Jeff Porcaro, na hesabu yake ni ya tatu tatu, yaani kila pigo la msingi hugawanywa vipande vitatu. Mkono wa kulia hupiga haihati, yaani yale matoazi mawili yanayobanwa kwa mguu, kwenye kipande cha kwanza na cha tatu, na kile cha kati huachiwa mkono wa kushoto, ambao huigusa sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, kwa sauti ndogo mno. Pigo kubwa la sneya huja mara moja tu katika kila mapigo manne, kwenye la tatu, ndiyo maana sikio husikia mwendo wa taratibu ilhali mikono inakwenda mbio.

Nadhani unakwama mara tu baada ya pigo hilo kubwa, kwa kuwa mkono uleule wa kushoto hutakiwa kuigusa sneya tena, kwa upole, kipande kimoja tu baadaye. Ukiinua kifundo cha mkono, mguso hugeuka kuwa pigo na mdundo hukatika. Iache fimbo idunde yenyewe, kisha uitulize kwa vidole ikiwa bado karibu na ngozi.

Porcaro hakuficha alikojifunza: kwa mpiga dramu Bernard Purdie, aliyepiga "Home at Last" ya kundi la Steely Dan mwaka 1977, na kwa John Bonham wa Led Zeppelin, kisha kwenye dramu kubwa ya mguu akaongeza mdundo wa mwanamuziki Bo Diddley.

Ulaini huo ulitokana pia na mazoea. Kabla ya Toto, Porcaro, mpiga kinanda David Paich na mpiga besi David Hungate walikuwa wanamuziki wa kukodiwa katika studio za Los Angeles, na kwa pamoja walipiga katika albamu ya mwimbaji Boz Scaggs, "Silk Degrees", ya mwaka 1976. Watu waliozoeana kiasi hicho hupishana bila kuambizana, na kwa maoni yangu hilo husikika zaidi kwenye besi, ambayo haigombanii nafasi na dramu kubwa ya mguu.

Kwa hiyo anza taratibu, haihati na miguso tu, bila pigo kubwa hata moja. Miguso ikishalingana yote kwa sauti, ndipo uliongeze pigo la tatu, huku ukisikiliza ule mguso unaolifuata.